Aliyekalia Kiti cha Mpishi

Zamani tabibu mmoja mwenye sanduku moja la dawa aliutibu mtaa mzima, na siku hizi watu watano wenye shahada wanazunguka meza moja kulitazama ini la mtu mmoja. Hivyo ndivyo Fundi Taipu alivyojisemea siku ya kwanza alipoketishwa katika chumba kile, na alijisemea kwa kinyongo, kama mtu aliyeuziwa kitu asichokiagiza.

Jina la Fundi Taipu alilipata kwa kazi. Maisha yake yote alitengeneza taipureta katika kibanda kisichozidi upana wa kitanda, chini ya baraza refu la ofisi. Mawakili walikuwa pale, na makampuni ya bima, na wakala wa mizigo, na asubuhi baraza zima lililia kama mvua juu ya bati. Mashine ilipokohoa popote, karani alitumwa mbio kumwita, naye alipanda ngazi na mkoba wake, akashuka na mashine begani, akapanda nayo tena ikiwa imepona. Shule aliiacha baba yake alipofariki. Lakini kila karatasi iliyosahauliwa ndani ya mashine aliisoma: barua za madai, hukumu, wasia, maombi ya kazi ya watu waliokwisha kukataliwa. Kwa njia hiyo akajielimisha mwenyewe, na kama walivyo wengi waliojielimisha wenyewe, hakupenda kufundishwa.

Kisha kompyuta zikaja. Mawakili wakahamia majengo ya vioo. Vyumba walivyoviacha vikachukuliwa na wauza simu, na mwishowe, ubavuni kabisa mwa kibanda chake, ikafunguliwa baa. Fundi hakuhama. Alikaa pale katikati ya mashine zilizoota kutu akiwangoja wateja ambao wengi wao walikuwa wamekwisha kufa. Kukaa ndiko kulikokuwa kazi yake sasa. Ngazi zilikuwepo bado, ila hakuwa na cha kupandisha, na uzito aliokuwa akiubeba begani ukahamia tumboni.

Mkewe hakuipenda ile baa. Mama huyu alizaliwa na mlevi. Alimwona baba yake akienda mbele ya macho yake, macho yamekuwa manjano na tumbo limejaa maji, na majirani wakinong'ona mlangoni: ini, ini, pombe imemla ini. Akiwa bado msichana aliapa kwamba hatazika mlevi wa pili. Alipomchagua fundi kati ya wachumba waliokuwa na sura nzuri zaidi, hakumficha sababu. "Wewe," alimwambia, "hata harufu yake huijui." Na kweli hakuijua. Ndiyo ilikuwa fahari ya fundi kuliko ufundi wenyewe, kwamba alikuwa mtu mkavu katika mji uliolowa.

Naye mke akamlipa kwa jiko. Kila asubuhi alimfungashia chakula katika chombo cha bati chenye ghorofa, nyama chini, wali katikati, vitu vya kukaanga juu, na mafuta yakitambaa mpaka kwenye mpini. Chai yake ilikuwa na sukari ya kusimamisha kijiko. Fundi akisema ameshiba, mkewe alikuwa na neno moja tu, na alilisema kwa mapenzi: "Mwanamume asiyekunywa, lazima ale."

Mambo yalianzia miguuni. Nyayo zilimfukuta kama amekanyaga makaa. Zahanati wakamkuta na sukari, wakampeleka hospitali kupigwa picha ya tumbo. Kijana wa mashine alipitisha kile kidude chenye mafuta baridi chini ya mbavu, akatazama kioo, akasema, "Mzee, ini lako linang'aa."

"Ahsante, mwanangu."

"Si sifa, mzee. Ni mafuta hayo."

Daktari aliyemwona baadaye alikuwa binti wa umri wa wanawe. Alimweleza taratibu kwamba mafuta yamejaa ndani ya ini, kwamba wapo wengi wa namna hiyo ambao hawajaonja pombe, kwamba ni chakula, ni sukari, ni kukaa. "Nakuamini kwamba hunywi," alisema. Fundi hakusikia zaidi ya neno moja, ini. Alijisemea moyoni, wewe unaniamini kwa sababu hukulelewa na mlevi.

Akapangiwa Alhamisi. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya zamani, alama za rafu bado ukutani, na katikati meza ya duara. Pale walikaa wote pamoja: yule daktari binti, muuguzi wa sukari mwenye mikono ya joto, kijana mwembamba wa chakula ambaye wagonjwa walimwita Bwana Lishe, mtu wa mazoezi mwenye filimbi shingoni ambaye walimwita Kocha, na mama mmoja mtulivu wa ushauri, Mama Nasaha. Mgonjwa hakuzungushwa dirisha hadi dirisha akisimulia habari ileile kwa kila mtu. Alisema mara moja, wote wakasikia. Ubavuni mwa kiti cha mgonjwa kulikuwa na kiti kingine, siku hiyo kitupu.

"Ini lako limeshaanza makovu," daktari alimwambia. "Bado ni makovu ya kurudi nyuma. Ukipungua mwili, sukari ikitulia, miguu ikifanya kazi, ini hujitengeneza lenyewe. Usipofanya hivyo litakuwa gumu. Na likishakuwa gumu, mzee, tutakuwa tunalilinda tu lisianguke. Sitakudanganya."

Fundi akaangaza macho duara zima. "Mimi nimetengeneza mashine maisha yangu yote. Mashine hufunguliwa na mtu mmoja. Wakiingia watano, skrubu hupotea."

Kocha akacheka. "Na ikianguka ngazini, mzee, huibebi peke yako. Sisi tunashika pembe, kila mtu na pembe yake."

"Na pembe yangu mimi ni sufuria," Bwana Lishe akadakia. "Nani anakupikia?"

Fundi akauliza, "Kwa nini?"

"Hicho kiti kitupu ni cha mpishi. Mgonjwa hapiki, mgonjwa anakula. Nikikufundisha wewe peke yako, nimefundisha mdomo nikaacha mkono. Alhamisi ijayo uje naye."

Alirudi nyumbani amenywea. Mara kadhaa alifungua kinywa amwambie mkewe, na mara zote alikifunga kwa tonge. Neno lilikuwa dogo. Lakini baa ilikuwa ubavuni mwa kibanda, wateja hakuna, na mkewe alikwisha kuuliza zaidi ya mara moja, kwa utani usio na kicheko, "Hivi kutwa nzima unatengeneza nini huko?" Ukimwongezea ini mtu wa namna hiyo, umemaliza kumjengea kesi. Fundi alizisoma hukumu nyingi. Alijua jinsi mtu anavyofungwa kwa ushahidi wa mazingira.

Ndipo alipomkumbuka dada yake.

Watoto walimwita Shangazi, na mtaa mzima ukafuata. Alikuwa mjane, mnene, mwenye magoti yanayolia akikaa na cheko la kutikisa vikombe, akiishi peke yake katika vyumba viwili nyuma ya ghala la magunia.

"Mimi nakupikia lini, kaka?" aliuliza.

"Ulinipikia mama alipolazwa."

"Nikaunguza."

"Basi umeshapika. Njoo ukae kwenye kiti, itikia ndiyo, tuondoke."

"Kwa nini usimpeleke wifi?"

"Wifi yako unamjua. Akisikia ini, atasikia chupa."

"Mwambie ni mafuta."

"Na baba yake alikuwa akisema ni malaria."

Shangazi alitikisa kichwa. Lakini alikuwa mdogo wake, na katika ukoo wao neno la kaka bado lilikuwa neno. Mdogo mwingine wa siku hizi angemjibu kaka yake, "Hilo ni tatizo lako." Pengine ingekuwa heri.

Alhamisi ile Shangazi alikalia kiti cha mpishi, akakijaza. Bwana Lishe alipanga mezani vyakula vyake vya plastiki, akatoa chupa ya mafuta ya kupikia, akauliza, "Mama, chupa kama hii jikoni kwako hukaa muda gani?"

Shangazi hakuwa mwongo. Aliulizwa habari ya jiko lake, akajibu habari ya jiko lake. "Hata mwezi na zaidi."

"Na sukari?"

"Naweka kidogo. Bei yake unaijua, baba."

Bwana Lishe akawatazama wenzake kwa furaha. Nyumba yenye mkono mwepesi namna hii! Basi tatizo si sufuria. Daktari akaandika kwamba chakula ni kizuri, aongezwe dawa. Muuguzi akapandisha kipimo. Kocha akamgeukia fundi kwa ukali, "Kumbe wewe ndiye hutembei!" Uongo mmoja uliwekwa mezani, na kwa kuwa meza ilikuwa ya duara, ukawazunguka wote. Mama Nasaha peke yake ndiye aliyeuliza, "Mzee, mke unaye?"

"Ninaye."

"Hapiki?"

"Mikono," fundi alisema. "Mikono inamsumbua."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu maradhi aliyapeleka kwa waganga watano mchana kweupe. Alichokificha ni jiko.

Kabla hawajaondoka, muuguzi alimshika Shangazi mkono. "Ninyi ni damu moja. Hebu na wewe nyosha kidole." Sukari yake ilikuwa mlangoni, haijaingia. Alipopigwa picha, ini lake nalo likang'aa. "Haya," akasema Kocha, "tumepata wagonjwa wawili kwa nauli ya mmoja." Shangazi akacheka mpaka akatoa machozi, na machozi yakaendelea kidogo baada ya kicheko kwisha.

Yeye akashika. Alipoambiwa nusu ya sahani iwe mboga, ikawa nusu. Alipoambiwa soda ni sukari yenye mapovu, akaachana nayo kama alivyowahi kuachana na posa mbaya. Kocha alimpa kazi ya kulizunguka ghala la magunia kila asubuhi, na wapagazi wakawa wanamshangilia, "Shangazi, gia ya pili!" Magoti yakanyamaza. Gauni zikaanza kumning'inia.

Na kwa kuwa alikuwa na moyo, hakutaka kukaa kiti cha bure. Alianza kumletea kaka yake chakula cha mchana pale kibandani, mboga za kuchemsha, samaki asiyekaangwa, kipande kidogo cha mkate mweusi. "Nikila posho ya mpishi, nipike," alisema. Fundi alishukuru, akala. Kisha akageuka, na chombo cha mkewe kilikuwa pale kikimtazama, ghorofa zake zote zimejaa.

Siku ya kwanza alikigawa kwa mlinzi wa baa. Mlinzi alikula, akalamba, akaosha chombo. Kesho yake akakutana na mkewe sokoni, na kwa adabu zake zote akamshukuru, "Mama, mkono wako haujapata kutokea! Mzee jana alinipa chakula chote." Jioni ile mke alikaa mkabala na mumewe akamtazama anavyokula, kijiko kwa kijiko, na mwisho akauliza, "Chakula changu kimekuwa cha walinzi wa baa?"

Hakugawa tena. Kumwaga chakula hakuweza, alilelewa na watu waliookota punje moja chini. Basi akala vyote. Saa sita alikula dawa ya dada yake, saa saba akala mapenzi ya mkewe, na kwa tiba hiyo akanenepa.

Kila Alhamisi mizani ilipanda upande wake na kushuka upande wa Shangazi. Meza nzima ikakuna kichwa. Dawa zikabadilishwa. Daktari aliagiza vipimo vya magonjwa mengine yasiyokuwepo. Bwana Lishe akawa anamsifu Shangazi huku akimtazama fundi kwa jicho la mtu aliyepungukiwa hesabu. "Mnakula sufuria moja, mama?" aliuliza siku moja. Shangazi akatazama sakafu. Fundi ndiye aliyejibu, "Moja."

Mwisho wa mkutano huo Mama Nasaha alibaki naye peke yake. "Mzee, nyumbani kuna nini?"

"Kuna amani."

"Amani ya namna gani?"

"Ya kawaida. Kila mtu na kazi yake."

Mama yule alingoja. Alikuwa na ule uvumilivu wa wavuvi wa ndoano. Fundi aliitazama kofia yake magotini, na neno likamjia mpaka kwenye meno. Wakati huohuo Kocha akaingia kuchukua filimbi yake, akasema, "Samahani, samahani," na neno likarudi lilikotoka.

Kilichomfichua ni harufu. Muuguzi, kabla ya kumtoboa kidole au kumtoa damu mkononi, alimpangusa kwa pamba yenye spiriti. Kwa watu wengine spiriti ni spiriti tu. Pua ya mkewe ilisomea kwa baba yake. Alhamisi moja alimvua koti, akasimama. Alhamisi iliyofuata akalinusa lile shati kwenye mkono. Alhamisi ya tatu hakuhitaji kunusa, alimfuata.

Baadaye alimsimulia mwenyewe jinsi alivyojificha nyuma ya nguzo za baraza na kikapu mkononi, akimngoja aingie baa. Fundi alifunga kibanda, akapita mlango wa baa bila hata kugeuza shingo. "Nilitaka kurudi," mkewe alisema. "Niliona haya. Kisha nikasema, labda kuna baa nyingine." Mji umejaa baa siku hizi kuliko madarasa, hakukosea. Akamfuata mtaa wa mafundi viatu, akamfuata mzunguko wa magari, mpaka geti la hospitali.

Mlango wa chumba kile ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Mkewe alisimama kizingitini. Alimwona mumewe amekunja mkono wa shati, muuguzi na pamba yake. Na ubavuni mwa mumewe, kwenye kiti cha mpishi, wifi yake, amepungua, ametakata, anasoma kwa sauti alichokipika wiki nzima.

"Karibu mama," alisema Bwana Lishe. "Wewe ni nani wa mgonjwa?"

"Mimi ndiye ninayempikia."

Shangazi akainuka kutoka kwenye kile kiti kama aliyekaa juu ya kaa la moto. "Wifi..."

"Keti, wifi. Umeshakizoea." Kisha akamgeukia mumewe, na hakupandisha sauti. "Nimekuja kukufumania na pombe. Nimekukuta na jiko la nje."

"Mama watoto, ni ini," fundi alisema. "Nilijua ukisikia ini..."

"Ulijua. Wewe ulijua kila kitu siku zote."

Daktari akamwelezea, mafuta, sukari, makovu. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho. Mama Nasaha naye akamuuliza kwa upole, "Na mikono yako, mama, inaendeleaje?"

"Mikono yangu?" Akaitazama, akaigeuza. "Mikono yangu inaumwa tangu lini?"

Bwana Lishe aliiweka ile chupa ya mafuta mezani, taratibu. "Mama, nyumbani kwako chupa hii hukaa muda gani?"

"Hii? Wiki haiishi."

Kijana yule akafunika uso kwa viganja. Na fundi, akiwa amekaa pale, aliikumbuka siku karani mmoja wa wakili alipomletea mashine nzima badala ya ile mbovu. Aliifungua, akaisafisha, akaipaka grisi, akairudisha ikiimba, na ile mbovu ikaendelea kula karatasi za wakili mpaka alipofukuzwa karani. Alimtukana karani yule mbele ya watu. Alimwita mjinga, akasema mjinga ni yule anayempelekea fundi hodari mashine isiyoumwa.

Siku hiyohiyo alikuwa apimwe tena. Mashine ya kupima ugumu wa ini haikutoboa wala kuumiza. Ilikuwa na kinundu walichokibandika kati ya mbavu, kikagonga, kikatulia, kikagonga, kama herufi moja inayopigwa tena na tena kwenye karatasi ileile. Fundi aliusikia mpigo akajua. Hakuna aliyemwambia bado, ila katika kazi yake alijua kwa sikio roli laini, ule mpira unaozungusha karatasi, na roli lililokauka. Roli likikauka, herufi hugonga na kurudi na mlio mfupi, mkavu. Hulipaki tena grisi, hulilainishi, unalitupa.

Daktari alirudi na jibu, akavuta kiti karibu badala ya kusimama. "Limekuwa gumu, mzee. Sio kote kama jiwe, lakini limevuka."

"Halirudi?"

"Nilisema sitakudanganya."

Mkewe akauliza, "Sasa mimi nikikaa kwenye hicho kiti? Nikijifunza?"

Hapo ndipo yule binti alipoangalia pembeni. Meza ile, alisema, ni ya mafuta, ni ya wale ambao bado wako upande huu. Waliovuka huonwa ghorofa ya juu, na daktari wa huko, kwa mambo mengine, maji tumboni, mishipa, damu. Chakula kizuri kitamsaidia bado, asiache, kitamwongezea siku. Lakini Alhamisi za hapa zimekwisha. Foleni ya wanaongoja kiti ni ndefu.

Bwana Lishe alimfuata mkewe mpaka kwenye ujia. Alimfundisha pale wamesimama, machela zikiwapita, alichomfundisha Shangazi kwa mwaka mzima amekaa. Mama yule aliitikia kwa kichwa tu. Hakuandika, alikuwa na kichwa cha kushika.

Fundi na mkewe walirudi nyumbani kwa miguu. Walipofika mzunguko wa magari, wakingoja kuvuka, mkewe alisema, "Ungeniambia pombe, ningekuacha. Ungeniambia mafuta, ningemwaga mafuta."

Na kweli, kabla ya jua kuzama chupa ilikuwa tupu nje ya mlango wa jiko, na kesho yake chombo cha bati kilikuja na ghorofa moja tu. Alichokiogopa mwaka mzima mkewe alikimaliza jioni moja. Neno lile, mwanamume asiyekunywa lazima ale, hakulisema tena. Mahali pake hapakuwa na neno lingine. Walikula mboga zao kwa utulivu kama wapangaji.

Huko juu alipata alichokitamani, tabibu mmoja. Chumba kilikuwa chembamba, foleni imekaa ukutani, na yule tabibu alikuwa na kompyuta kati yake na mgonjwa. Alipiga vitufe visivyo na sauti, kwa vidole viwili, akauliza tumbo, akauliza choo, akauliza usingizi, akamwita mgonjwa mwingine. Habari za miguu alimwambia akaulize kwa watu wa sukari, jengo lile pale. Habari za chakula akamwambia jengo lile kule. Fundi alipotaka kusema kwamba zamani mashine ilifunguliwa na mtu mmoja, aliona hakuna wa kumwambia.

Kisha vifundo vya miguu vikavimba, na ngazi ambazo miaka ile alizipanda na chuma begani zikawa na urefu ambao hakuwahi kuupima. Alhamisi moja, akipanda taratibu, mkono mmoja kwenye chuma cha ngazi na mwingine kwa mkewe, alisimama kupumua kwenye kituo cha ngazi mkabala na ile stoo ya zamani. Mlango ulikuwa wazi. Wote walikuwepo kwenye duara lao. Shangazi alikuwa juu ya mizani, viatu amevivua amevishika mkononi, na muuguzi alikuwa ameinama kusoma. Alichokisoma kiliwafurahisha, maana Kocha alipiga filimbi ndani ya nyumba, wengine wakapiga makofi, na Shangazi akacheka lile cheko lake, vikombe vikatikisika. Alikuwa amehamishiwa kiti cha mgonjwa, kile alichokuwa akikaa fundi. Kwa kuwa alijipikia mwenyewe, kiti cha pili kilikuwa kitupu.

Mkewe alikitazama kile kiti kwa muda.

"Tuingie tuwasalimu?" aliuliza.

"Waache," fundi alisema. "Wana kazi."

Mama Nasaha akageuza uso, akawaona, akanyanyua mkono. Fundi naye aliachia chuma cha ngazi ili anyanyue wake, akayumba, mkewe akamdaka kiunoni. Walipojiweka sawa, upepo wa ujia ulikuwa umeufunga mlango. Wakaendelea kupanda. Hakuwaona tena.